Mkono Uliobaki Kwenye Gia ya Pili

Kazi ile ya klachi na gia ya pili ilimaliza kilo nne za sukari, mche mmoja wa sabuni, matairi mawili yenye upara lakini bado na heshima yao, na bunda la noti nililolihesabu mara mbili na mara zote mbili likawa pungufu. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa Kisenyi, hapa Kampala. Bei nyingine ilikwenda kulipwa Nsambya na mwanamke ambaye hakununua chochote kwangu, na mpaka leo hajamaliza kulipa. Kwa sababu yake nimekaa chini kuandika habari za Fundi.

Jina lake analo, ila sitalitaja. Kisenyi nzima tulimwita Fundi tu, kana kwamba wale mafundi wengine, ambao siku zile walikuwa wengi kuliko magari yanayotembea, walikuwa wanacheza. Mimi waliniita Mama Spea. Nilikuwa na duka la vipuri lenye ukubwa wa godoro la watu wawili, likiwa na kodi ya godoro la watu wanne. Kutoka mlangoni kwangu mpaka uwanja wake wa mabati zilikuwa hatua ishirini na mbili. Kurudi zilikuwa ishirini na tano, kwa sababu nikirudi nilikuwa nahesabu noti huku natembea.

Alitengeneza klachi na giaboksi, basi. Ukimletea breki alikuonyesha njia ya kwenda Katwe.

"Mimi fundi wa upande wa kushoto," alisema. "Mguu wa kushoto, mkono wa kushoto. Huko kulia kuna watu wengine."

Na yeye mwenyewe hakujua kuendesha gari. Nimelisema hili kwa watu wakanicheka, lakini nilimjua miaka kumi na mbili na sikumwona hata siku moja ameshika usukani. Alikuja kazini kwa miguu, akarudi kwa miguu. Gari likishatengenezwa alimwambia mwenyewe aliwashe, naye akakaa kando yake akiwa amefumba macho, kiganja kimewekwa juu ya rungu la gia, juu ya mkono wa mwenye gari, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Wakitembea hivyo mpaka stendi ya teksi na kurudi, alishuka akasema "Sawa" au "Bado." Hakuwa na neno la tatu.

Ukucha wa kidole chake kidogo aliuacha mrefu. Wengine walidhani ni madaha. Ulikuwa chombo cha kazi: aliupitisha juu ya meno ya gia, jino kwa jino, taratibu, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayesoma barua aliyoandikiwa. Mafuta ya giaboksi aliyaonja kwa ncha ya ulimi, hata mwezi wa Ramadhani. Nikamuuliza mara moja, "Fundi, na kufunga je?" Akajibu, "Umeshamwona nani anashiba mafuta ya gia?" Kisha akatema, akaendelea kufunga.

Kwa umri wake alikuwa mwongo. Aliniambia ana miaka hamsini kwa miaka sita mfululizo. Kwa siku za kumaliza kazi alikuwa mwongo zaidi. "Kesho" yake ingeweza kukuzalia mtoto na mtoto akaota meno. Lakini kwa chuma hakuwahi kudanganya, hata pale ambapo uongo ungemfaa. Alichosoma ndicho alichosema, na alikisema kwa sauti ile ile hata kama mwenye gari amesimama na mkewe.

Kulikuwa na muuza mikate aliyeleta gari lake dogo la kubebea mizigo. Fundi aliitoa pleti ya klachi, akaigeuza, akasema, "Kuna mtu mfupi anaendesha gari yako."

"Naendesha peke yangu, Fundi."

"Mfupi. Na anaogopa. Hafiki mwisho wa pedeli."

Muuza mikate alikwenda zake akinung'unika kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa. Baada ya mwezi ikajulikana kwamba mkewe alikuwa anajifunza kuendesha mchana, yeye akilala baada ya kazi ya tanuri. Alijifunza vizuri. Siku alipofuzu alienda na gari Mbale, na tangu hapo mikate ilisambazwa kwa baiskeli.

Mimi na yeye tuligombana kwa bei kila wiki. Yaani niligombana mimi. Yeye alitaja bei yake, kisha akatia spana mdomoni ili asiweze kujibu. Nimebishana na Waarabu, na askari wa mpakani wenye bunduki, na mama mkwe wangu. Hakuna aliyenishinda kama mzee yule na spana yake mdomoni.

Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wengine waliiona ya kijinga. Akilifungua giaboksi, alitandika shuka jeupe chini, akapanga vipande kwa jinsi vilivyotoka, kimoja baada ya kingine, kama familia inayopigwa picha, na ole wako ukiruka shuka lile. Kila kilichochakaa alikifunga kwenye gazeti siku ile ile akamkabidhi mwenye gari, hata kama kipya hakijapatikana. "Hiki chako. Kimeshika mkono wako. Mimi sikai nacho." Halafu mwenyewe anatia sahihi kwenye daftari la shule, kwamba amepokea chakavu chake.

Hata gazeti lilikuwa na shughuli yake. Siku zile ukionekana umefungia chuma chenye mafuta machafu kwenye picha ya Mkubwa, rais wetu wa siku zile, wewe ndiye utakayetafutwa kesho. Kwa hiyo Fundi alipekua kurasa polepole akitafuta ukurasa usio na picha ile, na mara nyingi ulikuwa mmoja tu: wa matangazo ya vifo. Ndiyo sababu chakavu chote cha Kisenyi kilirudi nyumbani kimefungwa kwenye majina ya marehemu. Tulicheka. Tulikuwa tunacheka kwa sauti ndogo.

Sasa niingie kwenye gari lenyewe.

Lilikuwa la Kijapani, milango miwili, rangi ya chungwa, kabureta mbili, na sauti iliyofika kabla yake. Mwenyewe alikuwa mhasibu, mwembamba, mpole, anayeomba samahani hata kwa mlango. Akikaa nyuma ya usukani alikuwa mtu mwingine. Jumapili alishiriki mbio za magari, na alikuwa na tabia moja mbaya: akikaribia kona, alilivuta rungu kutoka gia ya tatu kuingia ya pili kabla pete ya shaba haijashika. Pete hiyo ndiyo inayosawazisha mwendo ili gia ziingiliane bila kugombana. Yeye hakuisubiri. Gari lilitoa mlio kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Unaiua pete," Fundi alimwambia. "Na meno unayala upande mmoja. Upande mmoja tu! Nimefungua gari za wanajeshi, gari za walevi, gari ya bwana harusi. Hakuna anayekula meno hivi isipokuwa wewe."

"Samahani, Mzee," akasema mhasibu, akiliangalia gari.

Klachi ilikuwa imekwisha, beringi imekwisha, na pete ile ya gia ya pili imeliwa. Fundi alivifunga kwenye gazeti, mhasibu akatia sahihi, akavibeba hatua ishirini na mbili mpaka dukani kwangu.

"Mama Spea, nipe chochote kwa takataka hii."

Nikampa balbu mbili za taa. Shaba ni shaba.

Pleti na beringi nilikuwa nazo, za kweli, kutoka Nairobi. Pete sikuwa nayo. Niliyoagiza ilikamatwa mpakani pamoja na viatu vya watoto na mtu aliyevibeba. Mhasibu alikuwa na mbio Jumapili ile, na kila asubuhi alisimama mlangoni kwangu akiomba samahani. Nilikuwa na boksi tupu la pete kama ile, jipya, lina maandishi ya Kijapani na karatasi yake laini ndani. Na nilikuwa na pete yake mwenyewe kwenye ndoo ya chakavu.

Katwe kulikuwa na mhunzi ambaye angeweza kumwekea kuku meno. Nilimpelekea pete. Alijaza shaba ya kulehemu pale palipoliwa, akapiga tupa laini siku nzima, akaichemsha kwenye maji ya ndimu mpaka ikang'aa kama hereni ya bibi harusi. Nikaitia kwenye boksi, nikaipeleka kwa Fundi, nikataja bei ya Nairobi na nauli juu yake.

Aliigeuza mara tatu. Ukucha ukapita. Nilisikia jasho likishuka mgongoni, nikahesabu matone.

"Imetoka wapi?"

"Nairobi, Fundi. Boksi si unaliona?"

"Shaba yake imechoka."

"Mpaka ulifungwa wiki tatu. Hata mimi ningechoka."

Aliniangalia kidogo, kisha akaiweka kwenye shuka mahali pake. Macho yake ya karibu yalikuwa yameanza kupungua na jambo hilo aliwaficha watu. Aliamini ukucha, na baada ya ukucha aliamini boksi.

Siku ya tisa baada ya gari kutoka, mhasibu alichukuliwa. Mchana, mbele ya ofisi yake, watu wakinunua ndizi. Walimtia kwenye buti la gari lake mwenyewe, mmoja wao akaliendesha. Waliokuwa karibu walisema kitu pekee walichokisikia ni mlio wa gia, halafu gari likapotea upande wa Nakasero, waliko watu wa usalama.

Mkewe alianza kuja Kisenyi. Walikaa nyumba za reli, Nsambya, kwa sababu kazi ya mume ilikuwa huko. Alikuwa ameshazunguka vituo vyote vya polisi na ukumbi wa hospitali, akiangalia nyuso. Alikuja kwa Fundi kwa sababu mtu alimwambia mzee yule akiona gari anamjua mwenyewe.

"Mzee, gari ya bwana yangu ikirudi hapa, utaniambia?"

"Nitakuambia, mwanangu."

"Hata ikiwa vibaya?"

"Nitasema nilichoona. Sina kingine."

Miezi kumi na moja ikapita. Wazee wa ukoo wakapanga siku ya kumaliza msiba na kuweka mrithi, kama desturi ya Buganda inavyotaka. Mrithi angekuwa mdogo wa marehemu, mtu wa kunywa, ambaye alikuwa ameshaanza kumwuliza shemeji yake kabati lina thamani gani.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, gari la rangi ya chungwa liliingia uwanjani kwa Fundi saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Walikuwa watatu. Mashati ya maua, suruali pana, viatu vya visigino. Kiongozi wao alikuwa na miwani myeusi.

"Wewe ndio fundi ya klachi?"

"Ndiyo, Afande."

"Hii gari nataka Ijumaa. Kama Ijumaa hakuna, wewe pia hakuna."

Vipuri walikuja navyo wenyewe, kwenye maboksi yenye jina la duka ambalo mwenyewe alishafukuzwa nchini. Wawili wakabaki getini wamekalia matairi, wakimenya machungwa. Mmoja alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, vizuri kabisa, sauti ya kwaya.

Fundi aliniita nilete mafuta ya taa ya kuoshea. Nilipofika gari lilikuwa limeinuliwa. Buti lilikuwa wazi, limeoshwa safi kuliko kitu chochote nilichokiona Kampala mwaka ule, linanuka dawa ya hospitali. Zulia lake halikuwepo. Nikaangalia kwingine, na kwingine hakukuwa na cha kuangalia.

Alizibua giaboksi. Mafuta yalitoka yakiwa na vumbi la dhahabu, yakimeta juani. Akayaonja. Halafu akatoa pleti ya klachi, ikiwa imeungua, nyeusi, inanuka.

"Mguu si wake," alisema chini chini. "Huyu anapumzisha mguu juu ya pedeli kama mtu aliyekaa sinema. Mhasibu hakuwa hivyo."

"Bila shaka si wake, Fundi. Nyamaza."

Akatoa pete ya gia ya pili. Akaupitisha ukucha. Midomo ikaanza kucheza, kisha ikasimama.

"Mkono ni wake."

"Nini?"

"Shika."

Nikashika. Meno yalikuwa yameliwa upande mmoja, upande ule ule, yakining'ata kidole gumba kuelekea kushoto. Chuma kilikuwa na joto la jua, lakini mimi nilihisi joto la mtu.

"Niliiweka mpya," akasema. "Ilitoka kwenye boksi lako. Alikaa nayo siku tisa. Siku tisa haziwezi kula meno hivi, hii ni kazi ya mwaka mzima. Na ona upande. Mama Spea, yu hai. Anawaendesha. Mguu wamemvunja, ndiyo maana anakanyaga vibaya. Lakini mkono ni wake."

Kule getini yule bwana aliendelea kuimba.

Mimi nilijua nilichoshika. Shaba ya mhunzi wa Katwe ilikuwa imebanduka, ikageuka lile vumbi kwenye mafuta, na chini yake yakatokea meno ya zamani, yaliyoliwa na mhasibu kabla hajachukuliwa, kabla hata ya ile Jumapili ya mbio. Fundi alikuwa amesoma sawasawa kila herufi. Barua yenyewe ndiyo ilikuwa ya mwaka uliopita, na mimi ndiye niliyeitia kwenye bahasha mpya.

Na bado, mimi niliyejua, kwa dakika nzima niliogopa kugeuza shingo, kwa sababu nilikuwa na hakika kuna mtu amekaa kwenye kiti cha dereva.

Kwa nini sikusema pale pale? Niliwahesabu watu getini, nikawahesabu tena. Nikafikiri, nikisema, Fundi atapaza sauti, kwa kuwa hajui kusema jambo la chuma kwa kunong'ona kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ninayojipa. Sababu ya pili ni kwamba asingenunua tena kwangu, na Kisenyi nzima ingejua kwa nini. Sijui ipi ilikuwa nzito. Kila nikizipima zinabadilishana nafasi.

Ijumaa gari lilikuwa tayari. Na Fundi, ambaye ningemfunga kamba kama ningejua anachotaka kufanya, akamfuata yule mwenye miwani na kifurushi cha gazeti mkononi.

"Chakavu hiki, Afande. Nampa mwenye gari."

"Lete."

"Wewe ndiye mwenyewe?"

Uwanja wote ukasimama. Yule wa kwaya akaacha kumenya chungwa. Yule wa miwani akaivua, na macho yake yalikuwa ya kawaida, ya mtu aliyekosa usingizi. Hilo lilinitisha zaidi.

"Mwenye gari ni Serikali."

"Basi Serikali itie sahihi, Afande. Ni desturi ya hapa. Hata mimi sina ruhusa ya kuivunja."

Nilidhani nimesikia bunduki. Ilikuwa ni kicheko. Yule wa miwani akachukua daftari, akapekua kurasa nyuma, bila haraka, mpaka akafika kwenye ukurasa wa gari la rangi ya chungwa. Akaitazama sahihi ya mhasibu, ile ya miezi kumi na moja iliyopita, yenye mkia mrefu. Akaitazama sana. Halafu akachukua kalamu, akaiandika tena chini yake, polepole, herufi kwa herufi na mkia wake, ulimi ukitokeza kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Sasa iko mbili," akasema. "Uko sawa, Mzee?"

"Sawa, Afande."

Akachukua kifurushi, wakaondoka. Klachi ilishika vizuri. Gia ya pili iliingia bila mlio wowote.

Siku iliyofuata mke wa mhasibu alikuja, na Fundi akamwambia dukani kwangu, mimi nikiwa nimeshika sanduku la misumari.

"Mwanangu, nimeona. Mguu wake umeumia. Lakini mkono ni wake. Yu hai."

Hakulia. Alikaa juu ya gunia langu la bolti, akauliza mara mbili, "Mkono upi?" Fundi akamjibu mara mbili, "Wa kushoto." Kisha yule mama akanigeukia mimi.

"Dada, na wewe uliona?"

"Niliona," nikasema. Meno niliyaona, hilo si uongo. Mara nyingi nimeutazama ukweli ule mdogo, na kila nikiutazama naona umekaa upande upande.

Alikataa msiba. Aliwaambia wazee wa ukoo kwamba hamaliziwi msiba mtu anayeendesha gari. Walidhani amerukwa na akili, wakamwachia mambo yake. Nyumba ya reli ikapewa mtu mwingine, akahamia chumba kimoja huko huko Nsambya, bondeni, na watoto watatu. Akanunua gongo la kutembelea kwa seremala wa karibu na hospitali, akampa urefu wa mumewe. Mwalimu mmoja mstaarabu alimposa mara mbili. Mara mbili akampa chai, akamrudisha.

Na Fundi akaanza kumtafuta. Kila giaboksi lililofunguliwa Kisenyi, ukucha ulikwenda kwanza kwenye gia ya pili. Nilikuwa namsikia kutoka dukani kwangu, "Si yeye." Kesho yake, "Si yeye." Malori ya jeshi, teksi, gari la maiti la manispaa. "Si yeye." Wateja walidhani anamtafuta mdeni.

Vita vikaja, Mkubwa akakimbia, magereza yakafunguliwa. Yule mama alisimama siku tatu akiangalia waliotoka. Hakumwona. Watu walisema, sasa basi, amekubali. Yeye akasema madereva walivuka mpaka na mabwana zao, wengine Sudan, wengine Kongo, na mtu mwenye mguu mbovu anachelewa kurudi.

Duka langu liliporwa, nikaanza upya. Uwanja wa Fundi uliporwa mpaka shuka.

Mwezi huu nilimtembelea. Anakaa kwa binti yake Katwe, kibarazani, makelele ya mafundi wa mabati yakimzunguka pande zote. Macho yameingia ukungu. Nilimpelekea sukari, akaipima kwa mkono akasema imepungua robo, na alikuwa sawa.

"Yule mwanangu wa Nsambya alikuja," aliniambia. "Wazee wa ukoo wamerudi. Wanataka wamalize msiba, Jumapili hii. Safari hii mrithi ni mtoto wake mwenyewe, yule mkubwa, na shamba la kahawa la baba yao litakuwa la watoto. Akikataa, shamba linakwenda kwa baba mdogo, na hakuna kikao kingine."

"Umemwambia nini?"

"Nimwambie nini? Nimemwambia asikubali. Mtu hazikwi hali nimemsoma yu hai."

Nyundo zilikuwa zinalia kila upande. Nikasema, "Fundi, ile pete..."

"Ile pete," akanikata, na uso wake ukafunguka kama wa kijana. "Mama Spea, nimefungua gia maisha yangu yote, nikawaambia watu mambo ya aibu tu. Nani mlevi, nani mwizi, mke wa nani anajifunza kutoroka. Mara moja tu nilimwambia mtu jambo jema. Na wewe ulikuwepo. Nilisoma vibaya?"

Nilimtazama yale macho yasiyoniona.

"Ulisoma vizuri, Fundi," nikasema. Nikanywa chai yake, nikaondoka.

Jumamosi yule mama atapita dukani kwangu akienda kupanda basi la kijijini kwa wazee. Ameniletea salamu mapema, kwamba anataka kuniuliza tena, mwanamke kwa mwanamke, niliona nini siku ile. Nikisema kweli, watoto watapata shamba, yeye atakuwa mjane wa siku moja na wa miaka yote ile kwa pamoja, na Katwe kutakuwa na mzee ambaye sijui atashika nini tena. Nikinyamaza, Jumapili jioni watakuwa wamepoteza ardhi kwa ajili ya balbu mbili za taa na tamaa yangu.

Leo ni Alhamisi. Nimejaribu kuanza na "pete", nimejaribu kuanza na "mimi", na sentensi haifiki mwisho. Ninyi mnaosoma, ikiwa kuna mmoja wenu aliyewahi kumwondolea mtu matumaini aliyompa kwa mkono wake mwenyewe, nisaidieni: mlianza na neno gani, na mlango upi nigonge kwanza, wa Katwe au wa Nsambya?